Injini ya Mtu Mchoyo

Ufunguo wa stoo ya gereji nimemkabidhi Zuhura, binti anayeshika nafasi yangu, pamoja na kiti changu kilichovunjika mguu mmoja. Kiti asikitengeneze. Kinalalia upande wa kulia, na ukishakizoea kinakuzuia kusinzia. Mimi nimechoka. Magoti hayataki tena kuinama chini ya benchi, na mikono inanuka dizeli hata Jumapili; mtu akinipa amani kanisani ananusa kiganja chake, halafu ananitazama.

Zuhura ndiye aliyesema, "Bibi, kabla hujaondoka tuandikie. Watu wenye magari ya zamani watakuja tu, watauliza waweke injini gani na gia boksi gani kwa hela kidogo. Tutawajibu nini?" Mimi niliishia darasa la nne na mwandiko wangu ni wa kuchorachora, lakini majina ninayo yote kichwani. Basi nyinyi mnaobaki gereji, someni taratibu, msinikimbize.

Kazi nilianza kwa Fundi Athumani Hango, hapa hapa Singida mjini, wakati gereji ilikuwa na uzio wa minyaa na bati sita tu za kivuli. Aliniajiri kuosha vyuma. Siku ya kwanza alinipa karai la mafuta ya taa, brashi, na rundo la nati na bolti zilizotoka kwenye magari matatu, zote zimechanganyika, akaenda kula. Aliporudi akakuta nimezipanga mafungu matatu juu ya gunia.

"Nani kakwambia zipi ni za wapi?"

"Hizi zenye udongo mwekundu ni za Mzee Ramadhani. Hizi zenye grisi nyingi ni za Sista, yeye hupaka grisi kila kitu. Na hizi zenye samadi ni za yule bwana wa ng'ombe, Mzee Shabani."

Akaguna. Fundi Athumani hakuwa mtu wa kusifu. Kesho yake akanihamishia stoo, na huko ndiko nimezeekea.

Stoo yetu haikuwa na daftari. Injini zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa zilikaa juu ya matairi chakavu, kila moja na gia boksi yake, na kila moja iliitwa jina la mwenye gari. Namba zilikuwepo, zimegongwa kwenye chuma, lakini nani atazisoma chini ya masizi? Fundi akipiga kelele, "Agnesi, mfungue Katekista unipe nozeli mbili," nilijua ni ipi. Mgeni akisikia alidhani tunachinja watu.

Na injini ikiletwa, Fundi Athumani hakuanza na spana. Alimkalisha mwenye gari kwenye benchi, wakasalimiana salamu zetu zile ndefu, mvua, ng'ombe, watoto, wagonjwa, kisha akauliza gari lilikuwa linabeba nini na linapita njia ipi. Mimi nilikuwa pembeni na karai langu, nikisikiliza. Hilo ndilo daftari mlilokuwa mkiniuliza liko wapi.

Sasa niwape aliyonifundisha, halafu niwaambie nilivyokosea, maana bila hilo la pili hili la kwanza halitawasaidia.

Gari la zamani usilitafutie injini nzuri kuliko zote. Litafutie injini ambayo ikizima vijijini huko, Mtinko au Sepuka, yupo mtu anayeijua. Dizeli ya silinda nne, pampu ya kawaida, waya za kuhesabika. Zile za kisasa zenye kompyuta ni tamu, sikatai, lakini zikigoma porini huwezi kuzigonga kwa nyundo, na huko nyundo ndiyo iliyopo.

Gia boksi chukua ile ile iliyokuja na injini. Zimeshaishi pamoja, zinajuana. Ukichukua injini huku na gia boksi kule itabidi uchongeshe sahani ya chuma ya kuziunganisha, na sahani ikikaa upande kidogo tu, unene wa kucha, shafti inakula beringi mpaka uisikie inalia. Watu huona wamepata nafuu, kumbe wamenunua kilio.

Ukiweza kuiwasha, fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inaunguruma, weka kiganja. Ikipumua kama mtu aliyelala, sawa. Ikikusukuma mkono na moshi juu, ringi zimekwisha. Chomoa stiki ya kupimia, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye gia boksi legeza nati ya chini, oili idondokee kitambaa cheupe. Unga kidogo wa njano usikutishe. Vipande vinavyokwaruza kidole, hayo ni meno ya gia, iache. Na mwisho fungua sampu, lile bakuli la oili la chini, uzitazame beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa macho yako. Kazi chafu, inachukua nusu siku, na kila mtu anatafuta sababu ya kuiruka. Mimi niliipata sababu.

Fundi Athumani alipofariki, gereji ilibaki kwa mwanawe Daudi, huyu mnayemwita bosi, ambaye mimi nimembeba mgongoni. Ni wakati wake ndipo alipokuja Mama Rehema Gwae wa Sepuka.

Alikuja asubuhi, kavaa vile viatu vyeupe vya unesi ingawa alishastaafu. Mumewe alimwachia landrova ya petroli iliyokufa zamani, kuku wakawa wanatagia kiti cha dereva. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili wa plau ili aiwekee injini na gia boksi.

"Sina wengine," alituambia. "Mkinikosea, kuku watarudi kwenye kiti chao."

Daudi akamuuliza gari anataka kulifanyia nini. Akamtaja Mariamu Mpondo, jirani yake. Masika yaliyopita Mariamu alishikwa na uchungu, wakampakia bodaboda kumpeleka hospitali, pikipiki ikakwama kwenye korongo lenye maji. Mama Rehema alifika kwa miguu akamzalishia pale pale matopeni. Mtoto hakulia. "Na sasa ana mimba nyingine," alisema Mama Rehema. "Itaangukia masika tena."

Mpwa wake alimpigia simu kutoka mji wa mbali anakoishi, akimshauri aagize injini mpya ya kompyuta. Daudi alimwomba ile simu. "Kaka, ikizima Sepuka utakuja wewe?" Simu ikakatika, mtandao au aibu, sijui.

Stoo tulikuwa na injini mbili za kufaa, dizeli zote, aina moja, kila moja imekuja na gia boksi yake na ile ya kugawa nguvu kwa magurudumu manne. Moja ilikuwa ya Mzee Juma Mughwai wa Mungaa, alishatuuzia. Ya pili ilikuwa ya Petro Sungi wa Mtinko, mwenye mashine ya kukamua alizeti, ambaye aliileta tumuuzie, akawa anapiga simu kila wiki kuuliza kama hatujaikalia.

"Tufungue sampu zote mbili, tuone," Daudi akasema.

"Ya Mzee Mughwai uifungue ya nini?" nikamjibu. "Yule mtu akiona kuku anavuka barabara, anasimama na kuzima injini."

"Na ya Petro?"

"Ya Petro iache ilipo."

Niseme ukweli. Miaka mingi nyuma nilikuwa natoka kwa dada yangu Mtinko, nimembeba mwanangu Elisante, anachemka homa, mvua inanyesha. Pikapu ya Petro ikaja nyuma yangu, tupu kabisa. Nikapunga mkono. Petro akainua vidole viwili kwenye usukani, ile salamu ya madereva, akapita. Elisante alipona, sasa ni mtu mzima ana ndevu. Mimi ndiye ambaye sikupona.

Nikamweleza Mama Rehema Petro ni mtu gani. Akakunja uso. "Gari la wagonjwa uliwekee injini ya mtu asiyepakia mtu? Hapana. Mimi nipeni ya mtu mwema."

"Mama, injini haijui kusali," Daudi akasema.

"Na wewe je, unajua?"

Tukacheka wote, na sampu ikabaki imefungwa.

Kazi ya kuifunga ilichukua siku tisa. Vishikizo vya injini vilichomelewa upya, propela ya nyuma, ile shafti ya kuzungusha magurudumu, ikafupishwa, na mkono wa gia ukatokea sakafuni mahali ambapo Mama Rehema ilibidi akae upande kidogo kama mtu anayepiga picha. Alipoondoka alipiga honi mpaka barabara kuu. Mimi nilisimama mlangoni na tambaa langu, nimefurahi kama niliyeizaa ile injini.

Haikumaliza wiki sita. Alikuwa anatoka kumchukulia Mariamu dawa, gari likaanza kugonga kwa ndani, ko, ko, ko, halafu likafa karibu na lile korongo. Ng'ombe waliolivuta mpaka barabara kuu ni wale wale aliowauza. Aliyewanunua aliona vibaya, akaja nao mwenyewe. Kutoka hapo lori likalifikisha kwetu.

Tukafungua sampu sasa. Beringi zilikuwa zimebaki nyembamba kama karatasi ya biskuti, krenki imechanjwa mistari. Kwenye kitambaa cheupe cha gia boksi vikadondoka vipande vitatu vya meno. Daudi akavikusanya kimoja kimoja, akaniwekea kiganjani. Angenifokea ningepumua.

Mama Rehema alikaa kwenye kile kiti changu kibovu. "Bibi Agnesi," akasema taratibu, "si ulisema unamjua?"

"Namjua."

"Mariamu kabakiza wiki tano."

Kesho yake nikaenda Mungaa. Mzee Mughwai alinichinjia kuku kabla sijasema nilichokijia, ndivyo alivyo. Tukila nikamuuliza, "Mzee, lile gari lako alikuwa analiendesha nani?"

"Langu?" Akacheka. "Uliza nani hakuliendesha. Hamisi alibebea vitunguu. Yohana alibebea maharusi, harusi yake na za wenzake. Selemani alijifunzia humo, na mdogo wake naye akajifunzia humo. Kukiwa na msiba, yeyote mwenye leseni. Na asiye nayo. Ningemkatalia nani? Mimi mwenyewe niliendesha Ijumaa, kwenda msikitini na kurudi."

"Na oili?"

"Kila mmoja alidhani mwenzake kaweka." Akasimamisha tonge. "Kwani ina shida?"

Nikamwangalia, mzee wa watu, ndevu nyeupe, ananisogezea paja la kuku. "Kuku wako ameiva vizuri," nikasema.

Njiani nilijiona mjinga. Majina yote niliyoyashika miaka yote hiyo yalikuwa ya wenye magari. Ya walioshika usukani sikuyauliza hata siku moja. Fundi Athumani aliuliza gari linabeba nini na linapita wapi, nami nikaona inatosha. Mtu mwema gari lake ni la kijiji kizima. Wote wanalitumia, anayelitazama hakuna.

Kwa Petro Sungi nilikwenda kwa miguu mizito kuliko hii ya leo. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine yake ya alizeti, haifanyi kazi, mashudu yamerundikana pembeni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kununua mafuta au kukaa?"

"Nimekuja kwa ajili ya injini yako."

"Bei haipungui."

"Sina bei. Nina injini ya Mzee Mughwai, imenoki."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ya Mughwai! Nani aliichagua?"

"Mimi."

"Wewe mwenye kichwa cha kukumbuka mpaka nati? Yangu uliiacha kwa nini?"

Nikamwambia. Mvua, barabara ya Mtinko, pikapu tupu, vidole viwili. Akatikisa kichwa. "Sikukumbuki. Niliwapita wengi. Ningekupakia wewe, kesho angepunga dada yako, keshokutwa mtaa mzima na mbuzi wao. Gari lilikuwa moja. Mughwai aliwapakia wote. Kawaulize leo wanapanda nini."

"Mtoto alikuwa na homa."

Akaokota mbegu ya alizeti, akaimenya, akaitupa bila kuila. "Hilo hukuniambia."

"Hukusimama."

Akanisogezea kigoda, tukawa wazee wawili na mashine mbovu. Kisha akauliza hiyo landrova ni ya nini. Nikamtajia Mariamu, korongo, na wiki tano ambazo sasa zilikuwa nne na siku kadhaa. Akauliza hedi, kile kichwa cha juu cha injini ya Mughwai, ni nzima? Nikasema nzima. Pampu? Nzima, nozeli pia. Iliyokufa ni sehemu ya chini. Akainuka, akapiga teke mashine yake. Kumbe ilikuwa inaendeshwa na injini ya aina ile ile, imekufa sehemu ya juu.

"Basi nipe hiyo maiti yenu yote," akasema, "na Daudi aje kunifungia vipuri bila kunitajia ujira. Mimi nawapa yangu na gia boksi yake. Lakini dereva awe mmoja. Oili ipimwe kila asubuhi. Na asipakie mtu wa njiani, hata askofu. Nikisikia limebeba magunia ya harusi, nakuja na spana kuchukua chuma changu."

Hapo mwone faida ya kuchagua injini ya kawaida. Ilitoka moja ikaingia nyingine, vishikizo vile vile, propela zile zile, siku mbili tu. Petro alikuja mwenyewe kusimamia, akaleta na kitambaa chake cheupe. Tulipofungua sampu, beringi zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi. Oili ya gia boksi ilidondoka safi, kitambaa kikabaki kitambaa. Daudi akanitazama.

"Sema tu," nikamwambia.

"Bibi, huyu mzee duniani alimpenda mmoja tu, na ndiye huyu tumemfungua."

Petro alisikia. Hakukataa.

Mariamu alishikwa na uchungu mchana, maji yakiwa yamejaa korongoni. Mama Rehema aliweka gia nzito, magurudumu yote manne, akavuka polepole bila kukanyaga klachi, kama tulivyomfundisha. Mtoto ni wa kike, anaitwa Tatu, na kulia alilia, wodi nzima inajua.

Mnadhani Sepuka wanamsifu Mama Rehema? Amekataa kubeba maharusi wa harusi ya mtoto wa kaka yake. Amekataa magunia ya mchungaji. Amempita mwenyekiti wa kijiji na begi lake. Kwenye kwaya wanamwita Petro wa Sepuka. Mara moja alikuja gereji kubadilisha oili, akaniambia, "Bibi, kukataa watu kunachosha kuliko kuzalisha." Hakuwa anatania.

Kwa hiyo Zuhura, mteja akija, mkalishe benchi, msalimie vizuri, kisha muulize majina ya wote walioshika usukani. Akitaja jina moja, fungua sampu. Akitaja majina kumi, fungua sampu. Hata akiwa ni baba yako mzazi, fungua sampu.

Wiki iliyopita, ufunguo nikiwa nimeshaurudisha, nilikwenda Sepuka kumwona huyo Tatu. Gari la abiria lilinishusha barabara kuu, nikaanza kutembea na mfuko wangu wa sukari. Jua kali, magoti yanalalamika. Nikasikia landrova inakuja nyuma yangu, nikaijua kabla sijageuka. Nikapunga mkono.

Mama Rehema aliniona. Nami nikaona kwamba ameniona. Nyuma kulikuwa na godoro tu, limetandikwa shuka safi. Akainua vidole viwili kwenye usukani, akapita.

Nikasimama kwenye vumbi lake, nikasikiliza. Gia ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia, haikukwaruza. Alipofika kwenye kona akaiweka ya nne, laini, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Nikakung'uta viatu, nikaendelea kutembea.